Gonga Tena

Mpwa wangu Dobrochna alinipigia simu alfajiri:
"Mjomba, njoo na nyundo yako ndogo,
nimepata nyumba."
Sikumuuliza bei. Bei ni mlango tu;
mtu hulala vyumbani.

Łódź, mwezi wa pili, theluji imegeuka tope la kijivu.
Jengo la ghorofa nne, la tangu enzi za viwanda vya nguo,
uso wake umepakwa rangi ya siagi juzi juzi.
Mimi nikatazama chini, penye msingi,
ambapo rangi ilianza kubanduka
kama poda kwenye shavu lenye jasho.

Dalali, kijana Kordian, viatu vikavu
(aliegesha gari mlangoni kabisa),
akasema: "Pango zloti elfu mbili kwa mwezi.
Mpangaji mtulivu, hachelewi kulipa.
Elfu ishirini na nne kwa mwaka. Nyumba inajilipa."
Inajilipa!
Miaka arobaini nimekuwa fundi bomba,
sijaona bado nyumba iliyotia mkono mfukoni.

Nikagonga ukuta wa sebule: ko, ko.
Mzima.
Nikagonga chini ya dirisha: pu.
"Gonga tena," akasema Dobrochna.
Pu.
Humo plasta na tofali wameshaachana,
wanakaa pamoja kwa ajili ya majirani.

Jikoni nikafungulia maji, nikahesabu hadi ishirini
ndipo kutu ikaisha.
Nikapapasa nyuma ya bomba, mahali macho hayafiki.
Kidole kikarudi kimelowa.

Dobrochna alikuwa amekaa kwenye kigoda,
akikokotoa nyuma ya risiti ya duka la mikate:
toa mwezi mmoja wa nyumba tupu, maana watu huhama;
toa ada ya jengo, mia tano na arobaini, mvua, jua;
toa bima, toa kodi ya serikali,
toa elfu mbili na mia nne za bomba, bawaba na bahati mbaya.
Zikabaki elfu kumi na kitu.
Kwa bei ya laki tatu na elfu kumi
hiyo ni tatu na nusu kwa mia, tena haifiki,
na benki inataka saba.
Kalamu ikasimama. Sikio lake likawa jekundu,
kama utotoni alipokosea hesabu.
Safari hii hakukosea.

Ndipo Bi Leokadia, mpangaji mwenyewe,
ambaye muda wote alikuwa kimya kando ya birika,
akasema: "Hamjatazama nyuma ya kabati."
Kordian akakohoa.

Tulilisukuma watu watatu.
Kuvu jeusi, kutoka dari hadi kiunoni,
na kulizunguka, mistari ya penseli, mstari nje ya mstari,
kila mmoja na tarehe yake:
Machi 2009. Novemba 2014. Pasaka ya mwaka jana.
Alilipima kila lilipokua,
kama wengine wapimavyo watoto kwenye fremu ya mlango.
"Barua kumi na moja," akasema.
"Mwenye nyumba alikuja mara moja. Alileta rangi.
Nalipa pango, nami naishi pangoni."

Dobrochna akagusa mstari wa nje kabisa.
"Na nikiutengeneza ukuta huu, utabaki?"
Bi kizee akamimina chai, hakuwa na haraka.
"Kwa pango lipi?"

Hiyo tarakimu haikuwamo kwenye risiti.

Uani niliinua macho: mfereji wa bati
umekatika kiasi cha kiganja, juu kabisa,
na tone linafuata tone.
Kuunga pale ni kazi ya asubuhi moja.
Ukuta ni elfu thelathini na nane.
Nikamwambia zote mbili, sikuongeza neno.

Bado hajanunua. Hajakataa pia.
Risiti imebanwa kwa sumaku kwenye friji yake,
na pembeni ameandika, kwa penseli, si kwa kalamu:
Leokadia. Lipi?